Tusiwape Watu Wote Ufunguo wa Ghala

Yeyote aliyewahi kufanya kazi katika ofisi yenye tarakilishi zaidi ya tatu anaujua mkasa huu. Ni siku ya mwisho wa mwezi. Wateja wamepiga foleni hadi nje ya mlango. Karani anabofya alama ya programu ya hesabu, ile ambayo haikai katika tarakilishi yake bali katika seva, kwenye diski ya pamoja ambayo ofisi nzima huitumia. Badala ya leja kufunguka, kioo kinamtolea maneno ya kumfukuza: huna idhini. Jana idhini alikuwa nayo. Anajaribu tena. Huna idhini. Mama mhasibu anakuja, anavaa miwani yake, anatazama, naye anakiri kwamba hajui lolote. Anaitwa fundi.

Fundi mwenyewe aghalabu huwa ni kijana mmoja anayehudumia ofisi nne au tano mjini kwa malipo ya kubahatisha. Akifika hapewi nafasi ya kutafuta chanzo cha tatizo. Meneja amemsimamia kichwani. "Kijana wangu, watu wanangoja pesa zao," anaambiwa. Basi kijana anaketi kwenye seva, anafungua orodha ya ruhusa za kabrasha lenye programu, anachagua kundi liitwalo Kila Mtu, na kulipa mamlaka yote: kusoma, kuandika, kubadilisha, kufuta, hata kuwagawia wengine mamlaka hayo hayo. Programu inafunguka. Watu wanashusha pumzi. Kijana analipwa nauli na chakula cha mchana, na hakuna anayekumbuka tena kwamba mlango uliofunguliwa saa hiyo haukufungwa.

Huenda msomaji akaona kwamba hili ni jambo dogo la kiufundi, lisilostahili nafasi katika ukurasa wa maoni. Mimi pia niliamini hivyo hadi miaka michache iliyopita, nilipochaguliwa kuwa katika kamati ya usimamizi ya chama kimoja cha akiba na mikopo ambacho ni mwanachama wake. Sitakitaja jina, kwa sababu waliohusika wangali hai na baadhi yao tunasalimiana kila Jumapili.

Siku moja ilibainika kwamba mikopo ya wanachama sita ilikuwa imeandikwa kuwa imelipwa yote, ilhali hakuna hata senti iliyopokewa. Faili ya mikopo ilikuwa imebadilishwa saa mbili usiku. Tulipouliza ni nani aliyeibadilisha, seva ilitujibu kwa neno moja: ofisi. Hilo ndilo lililokuwa jina la akaunti ambayo wafanyakazi wote waliingia nayo, na nywila yake ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, kando ya kalenda. Yaani meneja alikuwa ofisi, mhasibu alikuwa ofisi, tarishi alikuwa ofisi, na hata yule mwanafunzi aliyekuja kwa mafunzo ya miezi mitatu na kwenda zake alikuwa ofisi.

Ilipokosekana njia ya kumpata mkosaji, alitafutwa mnyonge. Karani mmoja, binti aliyekuwa ameajiriwa mwaka huo huo, ndiye aliyeonekana akitoka akiwa wa mwisho jioni ile. Alisimamishwa kazi bila mshahara. Alikaa nyumbani miezi mitatu. Mama yake alikuja kwangu, akaketi kitini, akaniuliza swali moja tu: "Mzee, mna ushahidi gani juu ya mwanangu?" Nilinyamaza, kwa sababu hatukuwa nao. Hatukuwa na ushahidi kwamba ni yeye, wala hatukuwa na ushahidi kwamba si yeye. Mpangilio wa ruhusa zetu ulikuwa umetunyang'anya uwezo wa kumhukumu mwizi na uwezo wa kumwachilia asiye na hatia, yote kwa mpigo mmoja.

Tangu siku hiyo nimejitahidi kulielewa suala hili, na ningependa kulieleza kwa lugha ya kawaida, kwa maana nimegundua kwamba wakuu wengi wa ofisi huliogopa kwa kudhani ni elimu ya wachawi.

Diski ya pamoja ina milango miwili. Wa kwanza ni lango la ua, yaani ruhusa inayotolewa kwa yeyote anayelifikia kabrasha kwa kupitia mtandao. Wa pili ni mlango wa chumba, yaani ruhusa iliyowekwa juu ya faili na makabrasha yenyewe ndani ya diski. Anayetoka nje lazima apite milango yote miwili, na ule ulio mkali zaidi ndio wenye usemi wa mwisho. Ukiruhusiwa kuandika chumbani lakini lango la ua linakuruhusu kusoma tu, utasoma tu. Hiki ndicho chanzo cha nusu ya ugomvi wa maofisini: fundi anafungua mlango mmoja, anasahau mwingine, anaona mambo bado, kisha kwa hasira anafungua yote miwili wazi kabisa.

Kuna pia ukali wa programu zenyewe. Programu nyingi za hesabu zinazotumiwa na ofisi ndogo ziliandikwa juu ya hifadhidata za aina ya Access ya kampuni ya Microsoft. Hifadhidata ya namna hiyo inapofunguliwa na watu wengi pamoja, huunda faili ndogo kando yake, mithili ya daftari la mgeni langoni, ya kuweka kumbukumbu ya nani yumo ndani na ni rekodi gani inayoshughulikiwa, ili makarani wawili wasiandike juu ya mstari mmoja kwa wakati mmoja. Mtu wa mwisho akitoka, faili hiyo hufutwa. Sasa basi, karani aliyepewa ruhusa ya kuiandika hifadhidata lakini akanyimwa ruhusa ya kuunda faili mpya ndani ya kabrasha hilo, hawezi kufanya kazi ipasavyo pamoja na wenzake. Yeye haombi mamlaka makubwa. Anahitaji kuunda na kufuta kijifaili katika kabrasha moja tu. Lakini kwa sababu kioo hakimwambii hivyo, kinamwambia tu kwamba hana idhini, fundi humpa ufalme wote ili kumtatulia haja ya kijiji kimoja.

Mfano mwingine ni wa kihistoria, nao unafunza zaidi. Mwaka wa 2002, kampuni ya Microsoft ilitoa mfumo mpya wa kuandikia programu uitwao .NET. Waliouunda walikuwa wametoka kuona mambo ya kutisha. Mwezi wa Mei mwaka wa 2000, kirusi kilichojiita barua ya mapenzi kilizunguka dunia kupitia barua pepe na kuharibu faili hata zile zilizokuwa katika diski za mtandao. Mwezi wa Septemba mwaka wa 2001, kirusi kingine kwa jina Nimda kilipenya, miongoni mwa njia zake nyingi, kwa kupitia makabrasha ya pamoja yaliyoachwa wazi. Kwa hiyo mfumo wa .NET ulikuja na hulka ya kushuku. Programu iliyo kwenye diski ya tarakilishi yako iliaminiwa kikamilifu. Programu ile ile, isiyobadilika hata herufi moja, ukiiendesha kutoka kwenye diski ya mtandao, ilichukuliwa kama mgeni na kukatazwa mambo mengi, kama vile kusoma faili zilizo kwenye diski yako bila kukuuliza.

Waandishi wa programu walitaabika. Kazi iliendeshwa vyema mezani mwa mwandishi, ikafungwa, ikapelekwa kwa mteja, ikawekwa kwenye seva, na dakika hiyo hiyo ikaanguka chali. Tiba sahihi ilikuwapo: kuiambia kila tarakilishi iiamini programu moja ile iliyotiwa sahihi na mwenyewe, au kabrasha moja lile linalojulikana. Tiba hiyo ilihitaji uvumilivu na kuelewa. Wengi waliikimbia. Waliziamuru tarakilishi ziamini kila kitu kitokacho popote ndani ya mtandao wa ofisi, wakapumzika. Malalamiko yaliendelea hadi mwaka wa 2008, Microsoft ilipolegeza msimamo na kuziruhusu programu za aina hiyo kuendeshwa kutoka diski ya mtandao kwa imani kamili. Mwaka wa 2010, katika toleo la nne, sera ile ya kushuku iliwekwa kando.

Wapo wanaosema kwamba hilo lathibitisha kuwa ukali ule ulikuwa upuuzi tangu mwanzo. Mimi nasema mgala muue na haki yake umpe. Shaka ile ilikuwa na msingi. Kosa lake lilikuwa kumkataza mtu bila kumweleza ni kitu gani hasa alichokatazwa na afanye nini ili aruhusiwe. Mtu asiyeelezwa hutafuta njia ya panya, na njia ya panya ikishazoeleka huwa barabara.

Tena usidhani kwamba ni mafundi wetu peke yao waliokuwa na mkono mwepesi. Kwa miaka mingi, seva za Windows zenyewe zilipounda kabrasha la pamoja zililipa kundi la Kila Mtu mamlaka yote kwenye lango la ua, pasipo kuulizwa. Ni katika toleo la mwaka wa 2003 ndipo Microsoft ilipobadilisha desturi hiyo, Kila Mtu akabaki na ruhusa ya kusoma tu. Na ajabu ni kwamba hekima hiyo haikuwa ngeni. Wale wazee wenzangu waliotumia mitandao ya NetWare ya kampuni ya Novell katika miaka ya 1990 watakumbuka kabrasha la umma lililokuwa na programu za kila mtu. Mtumiaji wa kawaida aliruhusiwa kuziona na kuzisoma, basi. Kuziandika alikatazwa. Data ilikaa mahali pengine. Nani aliyetuambia tuache utaratibu huo? Hakuna. Tuliuacha tu.

Tukiacha historia, hebu tuulize: ubaya wa kabrasha lililo wazi ni upi hasa? Jibu la haraka ni wizi, nao upo. Lakini kuna hatari kubwa kuliko mkono wa karani mwenye tamaa. Programu inayoishi kwenye diski ya pamoja huendeshwa na kila tarakilishi ofisini. Ikiwa kila mtu aweza kuiandika faili ya programu hiyo, basi kila mtu aweza kuibadilisha, na kila kirusi kinachompata mtu mmoja kinaweza kufanya hivyo kwa jina lake. Kesho yake asubuhi ofisi nzima inabofya alama ile ile ya kila siku na kujilisha sumu kwa mikono yake yenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako.

Dunia imeyaona haya. Tarehe 12 Mei mwaka wa 2017, kirusi cha WannaCry kilishambulia kupitia dosari katika itifaki ile ile ambayo tarakilishi za Windows huitumia kushirikiana makabrasha. Katika muda wa siku chache kilikuwa kimeingia katika tarakilishi zaidi ya 200,000 katika nchi zaidi ya 150, kikifunga faili na kudai fidia. Nchini Uingereza, kwa mujibu wa ripoti ya mkaguzi wa hesabu za serikali, taasisi za afya zisizopungua 81 kati ya 236 za Uingereza yenyewe ziliathirika, na maelfu ya wagonjwa wakafutiwa miadi. Ilhali kiraka cha dosari hiyo kilikuwa kimetolewa mwezi wa Machi, miezi miwili kabla.

Mwezi uliofuata, tarehe 27 Juni, kikaja NotPetya. Hiki kilianzia nchini Ukraine, ndani ya sasisho la programu ya hesabu na kodi iitwayo M.E.Doc. Ukatili wake ulikuwa katika mbinu ya pili aliyoipata kila kilipoingia: kilichota nywila na vitambulisho vilivyokuwa katika kumbukumbu ya tarakilishi, kisha kikavitumia kuingia kwa majirani kana kwamba ni msimamizi halali. Tarakilishi iliyokuwa imetiwa viraka vyote haikusalimika, mradi jirani yake mmoja alikuwa na ufunguo wa msimamizi mfukoni. Kampuni ya meli ya Maersk, ambayo makasha yake twayaona kila siku yakipita barabarani kutoka bandari ya Mombasa, ililazimika kuweka upya seva 4,000 na tarakilishi 45,000. Kilichoiokoa isipoteze kabisa orodha kuu ya watumiaji na ruhusa zao, kwa mujibu wa habari zilizochapishwa mwaka wa 2018, ni kukatika kwa umeme nchini Ghana. Seva moja ya ofisi ya huko ilikuwa imezimika wakati wa shambulio, ikabaki na nakala safi. Sisi ambao humlaani mtoa umeme kila jioni, hebu tuliweke hilo moyoni.

Nimelitaja tukio hilo kwa sababu wakubwa wetu hupenda kusema kwamba kampuni zilizoshambuliwa ni za Ulaya na Marekani, na kwamba hakuna mwizi atakayejisumbua na ofisi ya ghorofa ya pili juu ya duka la mbolea. Kirusi hakisomi kibao mlangoni. Kinafuata ruhusa. Kikizikuta zimefunguliwa, kinapita, kiwe London au Kitale.

Nasi tuna visa vyetu. Mwaka wa 2015, kashfa ya shilingi milioni 791 katika Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS) ilipozuka, mojawapo ya mambo yaliyozungumzwa sana ni madai kwamba nywila ya afisa mmoja ilitumiwa na watu wengine kuidhinisha malipo katika mfumo wa serikali wa IFMIS. Mfumo huo si kabrasha la diski ya pamoja, nakiri. Lakini ugonjwa ni ule ule: jina lililo kwenye rekodi na mkono uliobofya si vya mtu mmoja, na mahakama inaachwa ikipapasa gizani.

Hapo ndipo sheria zetu, ambazo twazisifu kwa haki, zinapokutana na ukuta. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Tarakilishi na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka wa 2018 inamwadhibu anayeingia katika mfumo bila idhini. Vyema. Lakini mlango ulioandikwa Kila Mtu, ni nani asiye na idhini ya kuupita? Wakili yeyote mwenye akili timamu atasimama na kuuliza swali hilo, na kesi itakuwa imekwisha kabla ya saa ya chai. Nayo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inamtaka anayehifadhi habari za watu kuzilinda kwa hatua za kiufundi na za kiutawala, na data ikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, Kamishna wa Data aarifiwe katika muda wa saa 72. Faini aweza kutozwa hadi shilingi milioni tano au asilimia moja ya mapato ya mwaka, kile kilicho kidogo. Je, chama kama changu kingemwarifu Kamishna nini? Kwamba mtu asiyejulikana, miongoni mwa watu wasiojulikana idadi, aliona na kubadilisha habari za mikopo ya wanachama?

Sasa nije kwa lawama, na hapa pengine nitawaudhi marafiki. Desturi ni kumlaumu fundi. Mimi simwoni fundi kuwa mkosaji mkuu. Yeye ameitwa kuzima moto, na mzima moto hapangi rangi ya kuta. Mkosaji wa kwanza ni mwandishi wa programu anayeuza kazi isiyokubali kuendeshwa pasipo mamlaka ya msimamizi. Wapo hapa nchini, na nimewasikia kwa masikio yangu wakimwambia mteja, "Ukiona inakataa, wape wote mamlaka kamili." Programu inayoweka mipangilio ya kila mtumiaji ndani ya kabrasha lake yenyewe, inayoandika faili za muda pale pale ilipo, inayohifadhi data na programu katika chungu kimoja, imeandikwa na mtu ambaye hajawahi kufikiria kwamba itatumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Anayeuza lango lisilofungika asilipwe bei ya lango.

Mkosaji wa pili ni sisi, wenye kamati na bodi. Kila mwaka tunapitisha makadirio ya fedha. Kuna fungu la viti vya mkutano mkuu, fungu la soda, fungu la fulana zenye nembo. Fungu la kumlipa mtu mwenye ujuzi akae siku mbili kupanga ruhusa za seva halipo, na likipendekezwa huulizwa faida yake. Halafu tunashangaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta tulioujenga sisi ulitugharimu jina la binti wa watu.

Ni haki pia kuusikiliza upande wa pili. Kuna ofisi zilizokaza mno. Karani anaomba ruhusa ya kusoma faili moja, anajaza fomu, inapita kwa wakuu watatu, na wiki inakwisha. Wafanyakazi wa ofisi kama hizo hawakai wakisubiri. Wanabeba faili kwenye vijiti vya kumbukumbu, wanatumiana leja kwa WhatsApp, wanafanya kazi ya umma katika simu zao binafsi. Usalama wa namna hiyo ni wa karatasi tu. Nimewahi kuona katika idara moja nakala kumi na saba za faili moja, kila moja ikiwa na tarakimu tofauti, zote zikiitwa ya mwisho. Kwa hiyo simwambii mtu afunge kila kitu. Anayefunga bila kujua nani anahitaji nini hatofautiani sana na anayefungua bila kujua.

Kanuni yenyewe ni ya kale katika elimu hii. Wataalamu wawili wa Marekani, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, waliiandika mwaka wa 1975: kila programu na kila mtumiaji apewe mamlaka yale tu anayoyahitaji kwa kazi yake, yasizidi. Ni miaka mingi tangu hapo. Na utekelezaji wake katika ofisi ya watu kumi hauhitaji mamilioni. Programu ikae katika kabrasha lake, isomwe na kuendeshwa na watumiaji, iandikwe na msimamizi pekee anapoleta toleo jipya. Data ikae katika kabrasha jingine, na wale wanaoitumia waweze kuunda, kubadilisha na kufuta humo tu. Ruhusa zipewe makundi kulingana na kazi, yaani makarani, wahasibu, wakaguzi, wala si mtu mmoja mmoja, ili anayehamishwa idara aondolewe kundini na mambo yaishe. Kila mfanyakazi awe na jina lake na nywila yake. Na seva iamriwe kuweka kumbukumbu za anayegusa faili nyeti. Uwezo huo umo ndani yake tayari, umelala tu.

Kuhusu lile kosa la ghafla la mwisho wa mwezi, lina sababu zake za kawaida ambazo fundi mtulivu huzipata. Huenda nywila ya mfanyakazi imekwisha muda. Huenda mtu amehamisha faili kutoka kabrasha jingine na faili ikaja na ruhusa zake za zamani. Huenda, katika matoleo ya Windows tangu mwaka wa 2007, karani ameambiwa aendeshe programu kama msimamizi, na tarakilishi ikamwonyesha kwamba diski ya mtandao haipo kabisa, kwa sababu herufi ya diski aliyoiunganisha kama mtumiaji wa kawaida haionekani na programu iliyopandishwa cheo. Hilo la mwisho limewaliza wengi: waliongeza mamlaka, wakapata pungufu. Na ikiwa kweli hakuna budi mlango ufunguliwe wazi ili wateja wahudumiwe, basi uandikwe daftarini saa uliyofunguliwa, na aliyeufungua atie sahihi saa ya kuufunga jioni hiyo hiyo.

Wengine wataniambia kwamba diski za pamoja zimepitwa na wakati, kwamba sasa faili zinahifadhiwa mawinguni na hakuna seva tena. Ofisi nilizozitembelea mimi bado zina seva, chini ya meza, na vumbi juu yake. Na hata huko mawinguni nimekuta kiungo cha faili kilichotolewa kwa yeyote mwenye kukipata. Kila Mtu amebadilisha jina, hajahama.

Binti yule alirudishwa kazini. Alilipwa mshahara wa miezi mitatu baada ya kamati kukubali, kwa kura ya wengi na si kwa kauli moja, kwamba hatukuwa na msingi wa kumsimamisha. Hakukaa. Baada ya mwaka alikwenda kwingine, na aliponiaga hakutaja jambo lile, wala mimi sikuthubutu. Yule aliyeifuta mikopo sita hatujamjua hadi leo.

Huu ni msimu ambapo vyama vingi vya ushirika hufanya mikutano mikuu ya mwaka. Ningewaomba wanachama, kabla ya kuuliza habari za gawio, wauombe uongozi usome orodha ya watu wote walio na ruhusa ya kuandika katika kabrasha la leja. Katika chama changu orodha hiyo iliposomwa kwa mara ya kwanza, baada ya akaunti ya pamoja kufutwa na kila jina la zamani kwenye seva kutolewa mwangani, majina yalikuwa 29. Wafanyakazi tulionao ni 11.